Mwamuzi mkuu wa besiboli si refa wa kati

Swali limetoka kwa mwalimu wa michezo wa shule moja ya sekondari mkoani Morogoro. Nalifupisha: "Usiku huwa naangalia besiboli ya Marekani kwenye simu. Uwanjani naona waamuzi wanne, wote wamevaa sawasawa. Mtangazaji mara anamtaja mwamuzi wa pleti, mara mwamuzi mkuu, mara kiongozi wa kikosi. Je, ni mtu mmoja mwenye majina matatu? Na kama yule anayesimama nyuma ya mdakaji ndiye mkubwa wao, mbona mwenzake wa besi ya kwanza akikosea hafuti uamuzi wake? Mwezi ujao mwalimu mwenzangu na mimi tutachezesha mechi za wanafunzi, sisi wawili tu. Nataka tujue mapema nani ana kauli ya mwisho."

Mwalimu, majina mawili kati ya hayo ni ya mtu mmoja. La tatu, siku nyingi, ni la mtu mwingine. Mwamuzi wa pleti na mwamuzi mkuu ni yuleyule anayechuchumaa nyuma ya mdakaji, mchezaji anayedaka mipira ya mrushaji pale kwenye pleti, kibao cheupe ambacho mpigaji husimama kando yake. Kitabu cha kanuni kinamwita mwamuzi mkuu, na kitabu hichohicho kinakiri kwamba watu wamezoea kumwita wa pleti. Kiongozi wa kikosi, yaani kikosi cha waamuzi, ni cheo cha kazini, kama mkuu wa idara pale shuleni kwenu. Anaweza kuwa nyuma ya mdakaji leo, kesho akawa besi ya tatu, kimoja cha vituo ambavyo mkimbiaji hupitia, na bado ni kiongozi wa kikosi.

Swali lako la pili ndilo lenye uzito. Sisi tuliokulia kwenye soka tunaingia besiboli na picha ya refa wa kati na washika vibendera. Kibendera kikipanda, refa anaweza kukikubali au kukipuuza, kwa sababu uamuzi ni wake peke yake na wa pembeni anamsaidia tu. Ukiingia na picha hiyo kwenye besiboli, kila kitu kitakuchanganya. Mwamuzi wa besi ya kwanza si msaidizi wa yule wa pleti. Akisema mkimbiaji ni auti, yaani ametolewa, hapo ndipo uamuzi umezaliwa na kukamilika. Hakuna anayeusubiri kuuidhinisha.

Kitabu chenyewe kinalisema hili waziwazi. Kanuni za besiboli ya kulipwa zilipangwa upya mwaka 2015, na tangu hapo mambo ya waamuzi yako kwenye Kanuni ya 8. Kabla ya hapo yalikuwa kwenye ya 9, kwa hiyo ukikuta nakala ya zamani usishangae namba kutolingana. Humo imeandikwa kwamba mwamuzi haruhusiwi kumkosoa mwenzake, wala kutafuta uamuzi wake ubadilishwe, wala kuuingilia, isipokuwa yule aliyeutoa amemwomba. Isome mara mbili, Mwalimu. Mlango unafunguliwa na mwenye uamuzi, kutoka ndani. Mwamuzi mkuu akiona kwa macho yake kwamba mwenzake kakosea, na mwenzake hajamwuliza, anabaki kimya.

Nikupe tukio moja ulione hilo likiwa hai. Tarehe 2 Juni 2010, Detroit wanacheza na Cleveland. Mrushaji wa Detroit, Armando Galarraga, amewatoa wapigaji 26 mfululizo bila hata mmoja kufika besi. Akimtoa wa 27, atakuwa amekamilisha mechi isiyo na doa, jambo ambalo warushaji wengi wakubwa wanastaafu bila kulionja. Mpigaji wa 27, Jason Donald, anaupiga mpira unaoviringika chini upande wa kulia. Miguel Cabrera anauwahi na kumrushia Galarraga, ambaye amekimbia mwenyewe kuifunika besi ya kwanza. Mpira unaingia kwenye glovu, mguu uko juu ya besi, mkimbiaji bado hajafika. Jim Joyce, mwamuzi wa besi ya kwanza, ananyoosha mikono yote miwili pembeni: salama.

Uwanja mzima uliona kosa. Waamuzi wengine watatu walikuwa pale pale. Lakini Joyce aliamini alichokiona na hakumwuliza mtu, na picha za marudio wakati ule zilitumika kwa mapigo ya homurani tu, yale ya mpira kuvuka uzio. Uamuzi ukasimama. Ofisi ya ligi nayo ilikataa kuubadili baadaye. Baada ya mechi Joyce alitazama marudio, akaona kosa lake, akaomba radhi huku akilia.

Sasa angalia siku iliyofuata, maana hapo ndipo jibu la swali lako la kwanza lilipo. Tarehe 3 Juni, timu zilezile, uwanja uleule, nani alikuwa nyuma ya mdakaji? Jim Joyce. Hakupandishwa cheo usiku ule, wala haikuwa adhabu. Zamu yake ilikuwa imefika. Waamuzi wanne huzunguka kila mechi: wa pleti huenda besi ya tatu, wa tatu huenda ya pili, wa pili huja ya kwanza, na wa kwanza huingia pleti. Kwa hiyo mtu aliyekuwa mwamuzi wa besi jana yake ndiye alikuwa mwamuzi mkuu siku hiyo. Na ni mwamuzi mkuu anayepokea orodha za wapigaji kabla ya mechi. Meneja wa Detroit, Jim Leyland, akampa Galarraga mwenyewe karatasi aipeleke. Kijana akatembea mpaka kwenye pleti, akamkabidhi Joyce orodha, Joyce akapangusa machozi. Mimi kila nikiitazama picha ile nasimama kidogo.

Ndiyo maana nasema mwamuzi mkuu ni kiti, na kiti kina zamu. Jen Pawol, mwanamke wa kwanza kuamua mechi ya msimu wa ligi kuu ya Marekani, aliitwa Atlanta tarehe 9 Agosti 2025 akafanya kazi kwenye besi. Siku iliyofuata alikuwa nyuma ya mdakaji, yaani kwa lugha ya kitabu alikuwa mwamuzi mkuu wa mechi ile, siku yake ya pili tu kwenye ligi kuu. Kiongozi wa kikosi alikuwa mtu mwingine, mwenye uzoefu wa miaka. Ukifikiria kama soka huwezi kuelewa mgeni anapataje kuwa mwamuzi mkuu mbele ya wakongwe. Ukifikiria kama besiboli, zamu ilifika.

Je, kiti hicho kina kazi gani? Iliyo kubwa kuliko zote ni kila mrusho unaopita mbele ya mpigaji. Mwamuzi mkuu anaamua kama ni straiki (mrusho uliopita eneo la kupigwa, au ambao mpigaji amezungusha gongo akaukosa) au boli (uliopita nje ya eneo hilo bila mpigaji kuzungusha gongo), anahesabu, na anaamua yote yanayomhusu mpigaji: amepigwa na mpira, ametoka nje ya kisanduku chake, mdakaji amemzuia. Anaamua pia kama mpira uliopigwa umebaki ndani ya mistari au umetoka, isipokuwa pale ambapo kwa desturi wa besi ndiye mwenye jicho zuri. Wakiwa wanne, mwisho wa mamlaka yake juu ya mistari ni besi yenyewe. Mpira ukipita besi ya kwanza au ya tatu, mstari wa huko mbele ni wa mwenzake.

Halafu kuna kazi za karatasi, ambazo watazamaji hawazioni. Kabla ya mechi meneja wa wenyeji anamkabidhi orodha ya wapigaji, kisha meneja wa wageni. Mwamuzi mkuu anatakiwa aitazame vizuri. Akikuta majina manane badala ya tisa, au majina mawili ya ukoo yanayofanana bila herufi ya kuyatofautisha, anamwonyesha meneja arekebishe kabla mchezo haujaanza. Hilo ni kosa la kalamu, na si haki timu iumie kwa kalamu. Lakini mchezo ukishaanza, mpigaji akija kupiga wakati si zamu yake, mwamuzi mkuu anayaona yote kwenye karatasi yake na haruhusiwi kusema neno. Ni kazi ya timu pinzani kugundua na kulalamika. Waamuzi wengi wapya hapa wanaharibu, kwa sababu roho inawatuma kusaidia. Utakapochezesha wanafunzi wako utalisikia hilo kifuani.

Orodha ya wenyeji ikishamfikia mkononi, kuna kitu kinabadilika uwanjani. Kabla ya dakika hiyo, wenyeji ndio wanaoamua kama mvua inaruhusu kuanza. Baada ya hapo uwanja ni wa waamuzi. Wao ndio watasema mchezo usimame, uendelee au uvunjwe, na mwamuzi mkuu hawezi kuuvunja kwa ajili ya hali ya hewa mpaka zipite angalau dakika 30 tangu alipousimamisha. Baada ya hizo 30 anaweza kuendelea kusubiri kadiri anavyoona bado kuna matumaini.

Kuna mamlaka moja ambayo hakuna mwamuzi wa besi aliye nayo, na kitabu kinaitaja kwa jina: kutangaza kwamba timu imepoteza mechi kwa kukiuka masharti. Matokeo huandikwa 9 kwa 0. Ni jambo la nadra mno. Mara ya mwisho kwenye ligi kuu ilikuwa tarehe 10 Agosti 1995 huko Los Angeles, siku ambayo mashabiki waligawiwa mipira mlangoni kama zawadi, nao wakairusha uwanjani tena na tena hadi waamuzi wakaipa St. Louis ushindi.

Ukiitoa hiyo, kitabu kinasema mwamuzi wa besi ana mamlaka sawa na mwamuzi mkuu katika kusimamia kanuni na nidhamu. Sawa, neno kwa neno. Yeyote kati yao anaweza kusimamisha mchezo. Yeyote anaweza kumkamata mrushaji aliyeanza mwendo wa kurusha kisha akaukatisha ili kumhadaa mkimbiaji, au aliyeukwangua mpira. Yeyote anaweza kumtoa uwanjani mchezaji, kocha au meneja, na hata mpiga picha. Ukiona meneja ametolewa na mwamuzi wa besi ya tatu, usidhani alivuka mpaka. Bobby Cox, aliyekuwa meneja wa Atlanta kwa miaka mingi, alitolewa mara 158 katika mechi za msimu wa kawaida, rekodi ya ligi. Na mchezaji akitolewa wakati mpira bado unachezwa, adhabu inangoja mpaka tukio liishe. Huwezi kumwondoa mtu katikati ya mbio zake.

Kuna sentensi fupi kwenye Kanuni ya 8 ambayo mimi naiona ndiyo uti wa mgongo wa kazi hii: kila mwamuzi ana mamlaka ya kuamua jambo lolote ambalo kanuni hazikulitaja. Kila mwamuzi, si mkuu peke yake. Ng'ombe akikatiza uwanja wenu wa shule mkimbiaji akiwa njiani kwenda besi ya tatu, kitabu hakina ng'ombe. Aliye karibu anasimamisha, anaamua kwa haki, mchezo unaendelea.

Sasa kauli ya mwisho, maana hilo ndilo ulilolitaka. Kuna hali moja ambapo mwamuzi mkuu anakuwa juu ya wenzake: waamuzi wawili wakitoa maamuzi yanayopingana kwenye tukio lilelile. Mmoja kasema auti, mwingine kasema salama, na wote wawili wamesikika. Hapo mwamuzi mkuu anawaita wenzake pembeni, bila meneja wala mchezaji kusogea. Wanaelezana kila mmoja aliona nini na alikuwa amesimama wapi. Kisha yeye anachagua uamuzi upi ubaki, kwa kupima nani alikuwa mahali pazuri zaidi na upi una uwezekano mkubwa wa kuwa sahihi. Mchezo unaendelea kana kwamba huo ndio uamuzi pekee uliotolewa. Lakini kitabu kinaacha mwanya mdogo: kazi hiyo ni ya mwamuzi mkuu isipokuwa ligi imemteua mwamuzi mwingine. Kwenye ligi kuu, huyo mwingine ndiye kiongozi wa kikosi, na mwanya huo mdogo ndio alimoingilia.

Kiongozi wa kikosi kazi yake inazidi mechi moja. Anaongoza wenzake msimu mzima, ndiye anayewasiliana na ofisi ya ligi, na mvua ikinyesha ndiye utakayemwona akiongea na watu wa uwanja. Tangu mwaka 2014, marudio ya video yalipopanuliwa, jukumu lake limekua zaidi. Meneja akipinga uamuzi, kiongozi wa kikosi pamoja na mwamuzi mwingine wanavaa vipokea sauti na kuongea na kituo kilichoko New York, ambako waamuzi wenzao wanaangalia picha na kutoa jibu. Kuanzia awamu ya nane, kati ya tisa za mechi, anaweza kuomba marudio mwenyewe, hata kama meneja amemaliza nafasi zake. Na tangu 2022 unaweza kumsikia akitangaza matokeo kwa kipaza sauti, uwanja mzima ukisikiliza.

Mechi inayoonyesha vizuri kuliko zote tofauti ya mwamuzi mkuu na kiongozi wa kikosi ilichezwa New York tarehe 24 Julai 1983. George Brett wa Kansas City alipiga homurani awamu ya tisa, auti mbili zikiwa zimeshapatikana, timu yake ikaongoza 5 kwa 4. Meneja wa New York, Billy Martin, akatoka kulalamika kwamba gongo la Brett limepakwa utomvu wa msonobari, ule unaosaidia mshiko, kupita kiasi. Kanuni iliruhusu inchi 18 kutoka mwisho wa mpini. Mwamuzi wa pleti alikuwa Tim McClelland. Kiongozi wa kikosi, Joe Brinkman, siku hiyo alikuwa kwenye besi. Wakakusanyika, wakashauriana. Kisha McClelland akaliweka gongo chini juu ya pleti, ambayo upana wake ni inchi 17, akaitumia pleti kama rula. Utomvu ulikuwa umevuka mbali. Akainua kichwa, akamtafuta Brett kwenye benchi, akamnyooshea gongo na kutangaza auti, ya tatu, mechi ikawa imeisha. Brett alitoka kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto, na Brinkman ndiye aliyemshika kwa nyuma kumzuia asimfikie mwenzake.

Ona mgawanyo ule. Mwenye cheo kikubwa alikuwa pale, alishauri, alilinda. Lakini tukio lilimhusu mpigaji, na mambo ya mpigaji ni ya mwamuzi mkuu, hivyo mkono uliotangaza auti ulikuwa wa McClelland. Rais wa ligi, Lee MacPhail, baadaye alikubali malalamiko ya Kansas City: gongo lilistahili kuondolewa, homurani ibaki. Mchezo ukaendelezwa tarehe 18 Agosti kutoka pale ulipokatikia, na waamuzi wakiwa wengine kabisa. Martin akajaribu kudai kwamba Brett siku ile hakukanyaga besi zote, akijua waliopo hawakuwepo. Kiongozi wa kikosi kipya, Dave Phillips, akatoa mfukoni hati ya kiapo iliyosainiwa na wale wa kwanza: alizikanyaga zote. Siku hizi malalamiko rasmi ya namna ile hayapo tena, kanuni zimeyafuta. Kiongozi wa kikosi akiwa na shaka juu ya kanuni huuliza kituo cha New York papo hapo, kisha mechi inaendelea na ikiisha imeisha.

Jambo moja zaidi kuhusu majina, lisije likakupoteza. Kwenye ligi za watoto za Marekani, zile ambazo timu ya Lugazi, Uganda, ilifika kwenye fainali zake za dunia mwaka 2012 ikiwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale, jina la mwamuzi mkuu hutumika pia kwa mtu anayeandaa na kufundisha waamuzi wa ligi nzima. Huyo hata uwanjani anaweza asiwepo. Ukisoma miongozo yao, angalia kwanza wanamzungumzia yupi.

Tuje kwenu, mkiwa wawili. Msione haya kuwa wachache. Fainali za kwanza za ligi kuu mwaka 1903 zilichezeshwa na waamuzi wawili, na wanne kwa kila mechi ya msimu walikuja kuwa kawaida mwaka 1952. Kabla ya hapo, enzi za mwamuzi mmoja, wakimbiaji walisubiri ageuze macho wakakata kona bila kugusa besi ya tatu. Ngazi za chini za besiboli ya kulipwa mpaka leo zina wawili.

Mmoja wenu atakuwa mwamuzi mkuu, na mkubaliane kabla hamjaingia uwanjani. Wa besi, kukiwa hakuna mkimbiaji, asimame nyuma ya besi ya kwanza karibu na mstari, na mpira unaotoka kwenye mstari huo baada ya besi ni wake. Mkimbiaji akishafika besi ya kwanza, aingie ndani, kati ya mrushaji na besi ya pili, upande wa besi ya kwanza. Mkimbiaji akiwa ya pili au ya tatu, ahamie upande wa besi ya tatu. Akiwa ndani, mistari yote miwili inarudi kwa wa pleti, maana wa ndani hawezi kuona mpira umeangukia upande gani. Hilo mlisemezane kwa mdomo, kwa sababu ndipo maamuzi mawili yanayopingana huzaliwa.

Kwenye mbio za besi ya kwanza, mfundishe mwenzako kuangalia besi na mguu, na kusikiliza mpira unapoingia kwenye glovu. Jicho haliwezi kuwa sehemu mbili, sikio linalisaidia. Nilipoanza kuchezesha mechi za shule nilikuwa naufuata mpira hewani mpaka mwisho, na kila mara nilichelewa kuuona mguu. Mzee mmoja aliyekuwa akitufundisha alinisimamisha nyuma ya besi, akaniambia nifumbe macho, wachezaji wakarusha na kukimbia mara kumi huku mimi nikisikiliza tu: pu, halafu kishindo cha mguu; au kishindo cha mguu, halafu pu. Jioni ile nilielewa.

Kuna mahali pamoja ambapo wa pleti ataomba msaada mara kwa mara: mpigaji akianza kuzungusha gongo kisha akalizuia. Wa pleti akisema boli, mdakaji au meneja anaweza kumtaka amwulize mwenzake. Wakiwa wanne, anaulizwa wa besi ya kwanza kama mpigaji ni wa mkono wa kulia, wa besi ya tatu kama ni wa kushoto. Nyinyi mtakuwa na mmoja tu wa kuulizwa, basi huyohuyo. Lakini kumbuka, kama ulikwisha kuita straiki hakuna cha kuuliza. Na boli na straiki zenyewe hazibishaniwi: meneja akiondoka kwenye nafasi yake kuja kubishana anaonywa, akiendelea kuja anatolewa. Kwenye ligi kuu kuna mfumo wa kamera ulioidhinishwa Septemba 2025 kwa ajili ya msimu wa 2026, unaompa mpigaji, mrushaji au mdakaji nafasi ya kupinga mrusho, timu ikianza na nafasi mbili. Uwanja wa shule hauna kamera hizo, una macho yako tu, nayo yanatosha ukiyaweka mahali pake.

Mkipingana kweli, mmoja kasema auti na mwingine salama, msibishane kwa mbali mbele ya wanafunzi. Wa pleti amwite mwenzake katikati ya uwanja, muwape mgongo wachezaji, mwulizane kwa sauti ya chini: ulikuwa wapi, uliona nini. Aliyekuwa karibu na mwenye pembe nzuri ndiye ashike. Kisha wa pleti atangaze mara moja, kwa mkono na kwa sauti, na mchezo uendelee. Wanafunzi wakiona nyinyi wawili mnasikilizana, hawatakuja kuwakimbilia mmoja dhidi ya mwingine.

La mwisho ni la vifaa. Kihesabio cha boli na straiki kishike mkono wa kushoto, na barakoa ya chuma uivue kwa mkono huohuo wa kushoto, ili wa kulia ubaki huru kutoa ishara. Jifunze nyumbani mbele ya kioo mpaka uache kufikiri. Mechi ya kwanza chukua pleti wewe, kwa kuwa ndiye uliyesoma zaidi. Mechi ya pili mbadilishane.